Maana ya jina Mefiboshethi: mwongozo kamili wa kuchunguza jina gumu la Kiebrania hatua kwa hatua

Ukiuliza maana ya jina Mefiboshethi, jibu utakalopewa upesi ni "aibu". Wahubiri wengi wamejenga mahubiri mazima juu ya neno hilo: mjukuu wa mfalme Sauli, mwana wa Yonathani, akaangushwa, akalemaa, akaitwa aibu, akaishia Lo-debari mahali pasipo malisho, hadi siku Daudi alipomwita mezani. Ni mahubiri yanayogusa moyo, na sehemu yake kubwa ni kweli. Ila habari ya jina haijakaa sawa. Upo ushahidi mzito kwamba Yonathani hakumpa mwanawe jina lenye aibu ndani yake, na sehemu kubwa ya ushahidi huo imo katika Biblia hii hii tunayoifungua kila Jumapili.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, kiongozi wa kikundi cha kujifunza Biblia, mzazi anayemtafutia mtoto jina, na yeyote aliyechoka na orodha za mtandaoni zinazotoa maana ya jina kwa maneno matatu bila kusema yametoka wapi. Huhitaji kujua Kiebrania. Unahitaji Biblia ya Kiswahili, ikiwezekana mbili: Union Version ya mwaka 1952 na Habari Njema. Uwe na itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha maneno na aya yalimo) au simu yenye intaneti, na daftari. Nimechagua Mefiboshethi kwa sababu ukiweza kulichambua jina hili, mengine mengi hayatakusumbua.

Hatua ya kwanza: soma aya zote kabla ya kugusa kamusi

Mefiboshethi yumo katika sura tano za 2 Samweli: 4, 9, 16, 19 na 21. Zisome mfululizo, ukiandika kila jambo linalosemwa juu yake.

Katika 4:4 ana miaka 5. Habari za vifo vya Sauli na Yonathani zinafika kutoka Yezreeli, yaya wake anambeba na kukimbia, na katika haraka hiyo mtoto anaanguka na miguu yake inalemaa. Katika sura ya 9 Daudi, akikumbuka agano lake na Yonathani (1 Samweli 20), anauliza kama kuna aliyesalia wa nyumba ya Sauli. Siba, mtumishi wa zamani wa nyumba hiyo, anamwambia yupo mmoja, anakaa kwa Makiri mwana wa Amieli huko Lo-debari. Daudi anamrudishia mashamba yote ya babu yake, na Siba na wanawe 15 na watumishi wake 20 wanaamriwa kuyalima. Wakati huo Mefiboshethi si mtoto tena, kwa kuwa naye ana mwana mdogo aitwaye Mika.

Sura ya 16 inauma. Absalomu ameasi, Daudi anakimbia, na Siba anamfuata na punda waliobeba chakula akimwambia kwamba bwana wake amebaki Yerusalemu akingojea kurudishiwa ufalme. Daudi anampa Siba mali yote papo hapo. Katika sura ya 19 mfalme anarudi, na Mefiboshethi anatoka kumlaki akiwa hajatunza miguu yake, hajatengeneza ndevu zake wala kufua nguo tangu mfalme alipoondoka. Anasema Siba alimsingizia. Daudi anaamuru wagawane shamba. Mefiboshethi anajibu kwamba Siba na achukue yote, maadamu mfalme amerudi nyumbani kwa amani. Mimi naisoma aya hiyo kama ushahidi wa unyofu wake, ingawa wapo wanaomwamini Siba.

Sura ya 21 ina mtego. Wagibeoni wanadai watu 7 wa uzao wa Sauli. Aya ya 7 inasema Daudi alimwepusha Mefiboshethi mwana wa Yonathani kwa ajili ya kiapo. Aya ya 8 inasema Daudi alimtoa Mefiboshethi. Huyu wa pili ni mtu mwingine kabisa, mwana wa Sauli kwa Rispa binti Aya. Majina ya Biblia hujirudia, kwa hiyo kila unapokutana na jina, andika pembeni yake baba ni nani, mama ni nani na mtoto ni nani.

Sasa jiulize: je, Biblia yenyewe inaeleza jina hili? Kwa Ikabodi inaeleza waziwazi, kwani mama yake alilitoa akisema utukufu umeondoka katika Israeli (1 Samweli 4:21). Kwa Mefiboshethi hakuna maelezo ya namna hiyo popote. Kinachowachanganya wengi ni kwamba 2 Samweli 4:4 inataja ajali kwanza, ndipo inamalizia kwa kusema jina lake aliitwa Mefiboshethi. Masikio yetu yanaunganisha mambo hayo mawili, kana kwamba jina lilitokana na ulemavu. Lakini mtoto wa miaka 5 tayari ana jina. Na yule mwana wa Rispa aliitwa jina hilo hilo bila kutajwa kuwa na ulemavu wowote.

Hata pale Biblia inapoeleza jina, tulia kidogo. Hana alimwita mwanawe Samweli kwa sababu alimwomba kwa BWANA (1 Samweli 1:20). Kitenzi cha Kiebrania cha "kuomba" katika aya hiyo ni *shaal*, nacho kinalingana zaidi na jina Shauli, yaani Sauli. Waandishi wa Biblia walipenda kucheza na sauti za majina ili kufundisha jambo, na maelezo ya namna hiyo hayakukusudiwa kuwa kamusi.

Hatua ya pili: tafuta mtu huyo huyo katika kitabu kingine

Hapa ndipo mlango unapofunguka. Vitabu vya Samweli na vya Mambo ya Nyakati vinasimulia habari zinazofanana, na nasaba nyingi zimo katika vyote. Fungua 1 Mambo ya Nyakati 8:34. Mwana wa Yonathani anatajwa, naye ana mwana aitwaye Mika, lakini jina lake pale ni Merib-baali. Baba ni yule yule, mwana ni yule yule. Sura ya 9:40 inarudia habari hiyo, na katika maandishi ya Kiebrania ya aya hiyo jina limeandikwa kwa namna mbili, mara Merib-baali na mara Meri-baali.

Ukishaona hivyo, usiishie kwa mtu mmoja. Angalia wengine wa zama hizo:

- Ish-boshethi (2 Samweli 2:8) ni Eshbaali katika 1 Mambo ya Nyakati 8:33.
- Yerubeshethi (2 Samweli 11:21) ni Yerubaali, jina la pili la Gideoni, katika Waamuzi 6:32.
- Eliada, mwana wa Daudi (2 Samweli 5:16), ni Beeliada katika 1 Mambo ya Nyakati 14:7.

Tahajia hutofautiana kidogo kati ya tafsiri na tafsiri, kwa hiyo fuata namba ya aya kuliko herufi. Mara tatu palipo na "boshethi" au "beshethi" upande mmoja, upande wa pili pana "baali". Mara ya nne "Baali" imetolewa na "El", yaani Mungu, ikawekwa mahali pake. Hilo haliwezi kuwa kosa la kalamu. Mtu alibadili majina haya kwa makusudi.

Hatua ya tatu: pata herufi za Kiebrania

Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti. Alama za irabu zilitiwa na wanazuoni wa Kiyahudi waitwao Wamasora kati ya karne ya 6 na ya 10 BK. Kwa hiyo unapochunguza jina, zipe konsonanti uzito kuliko irabu.

Njia rahisi ni kutumia namba za Strong. James Strong alichapisha itifaki yake mwaka 1890 akiwa ameliwekea kila neno la Kiebrania na la Kigiriki namba yake. Tovuti kama Blue Letter Bible na Bible Hub zinatoa namba hizo bure. Lugha yake ni Kiingereza, lakini ukiwa na namba huhitaji kusoma sana. Mefiboshethi ni H4648, Merib-baali ni H4807, Eshbaali ni H792, na neno *boshethi* peke yake ni H1322. Andika namba hiyo mahali pa kutafutia, ukipenda pamoja na jina lenyewe: מפיבשת. Herufi zake, kutoka kulia kwenda kushoto, ni mem, pe, yod, beth, shin, taw.

Maana fupi anayoitoa Strong isikutoshe. Yeye alikusudia kukuonyesha neno linapatikana wapi, na kwa majina mengi alichagua maana moja kati ya kadhaa zinazowezekana.

Hatua ya nne: ligawe jina

Majina mengi ya Kiebrania ni sentensi fupi. Yonathani ni Yeho-natani, "BWANA ametoa". Tafuta kwanza sehemu inayomtaja Mungu: *Yo-* au *Yeho-* mwanzoni, *-ya* mwishoni, *El* popote. Kisha tafuta kitenzi au nomino iliyobaki.

Katika Mefiboshethi, *boshethi* ni rahisi: ni nomino ya kawaida yenye maana ya aibu. Sehemu ya kwanza, *mefi*, ndiyo ngumu. Wapo wanaoisoma *mi-pi*, "kutoka kinywani mwa", kwa kuwa *pe* ni kinywa. Wengine wanaihusisha na kitenzi kinachoonekana katika Kumbukumbu la Torati 32:26, chenye maana ya kutawanya au kuvunja vipande vipande. Hapo ndipo Strong alipopata "mwenye kuondoa aibu". Wataalamu hawajakubaliana. Kwa hiyo ukiona orodha inayosema "Mefiboshethi maana yake ni hii" bila kuongeza lolote, jua aliyeiandika amekuchagulia bila kukuambia.

Merib-baali ni jepesi zaidi. *Merib* inatoka katika mzizi r-y-b, kuteta au kutetea kesi. Ndio mzizi wa Meriba, mahali ambapo Waisraeli waliteta na Musa kwa sababu ya maji (Kutoka 17:7), na ndio unaochezewa katika Waamuzi 6:32, Yoashi aliposema Baali na ajitetee mwenyewe. Kwa hiyo jina linaweza kusomwa "Baali anatetea" au, kinyume chake, "mpinzani wa Baali". Mimi naegemea la kwanza, kwa sababu katika majina ya namna hii sehemu ya kimungu kwa kawaida ndiyo inayotenda.

Hatua ya tano: jua neno lilimaanisha nini wakati ule

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mkristo akisikia Baali anawaza mlima Karmeli na manabii 450 wa Baali walioshindwa na Eliya. Je, Yonathani, rafiki wa Daudi, alimwabudu sanamu hiyo?

Hapa Mswahili ana bahati, kwa kuwa neno lake *bwana* limefanya kazi ile ile. Tunasema bwana shamba, tunasema bwana yake Asha kwa maana ya mumewe, na tunasali kwa Bwana Mungu. Neno *baali* lilikuwa hivyo hivyo kwa Waebrania: mwenye mali, mume, mkuu, na pia cheo cha kumwitia Mungu. Msomaji anayeijua Qur'ani ataliona jambo hili bila kutoka nje ya kitabu chake. Katika Sura ya 37, aya ya 125, nabii Ilyas anawauliza watu wake kama wanamwomba Baali, na hapo ni mungu wa uongo. Katika Sura ya 11, aya ya 72, mke wa Ibrahimu anastaajabu kwamba atazaa hali mumewe ni mzee, na neno analolitumia kwa "mume wangu" ni *baali*, mzizi ule ule.

Hosea alijua kwamba watu wa Israeli waliwahi kumwita Mungu wao kwa neno hilo. Katika 2:16 Mungu anasema siku inakuja ambapo Israeli atamwita Ishi, mume wangu, wala hatamwita tena Baali. Huwezi kuacha kuita jina ambalo hukuwahi kuliita.

Kisha kuna ushahidi nisiochoka kuutaja. Katika 1 Mambo ya Nyakati 12:5, kati ya Wabenyamini wa jamaa ya Sauli waliomwendea Daudi huko Siklagi, yumo mtu aitwaye Bealia. Ligawe: *Baali* na *Ya*. "BWANA ndiye Baali", yaani Yahwe, Mungu wa Israeli, ndiye bwana. Ndani ya jina moja, majina yote mawili, na mtu huyo anahesabiwa kati ya mashujaa wa Daudi. Katika nasaba ya ukoo huo huo yumo pia mtu anayeitwa Baali tu (1 Mambo ya Nyakati 9:36). Sauli mwenyewe alimpa mwana mmoja jina lenye Yeho, Yonathani, na mwingine jina lenye Baali, Eshbaali. Ni vigumu kuamini kwamba alimwabudu Yahwe alipopata mtoto mmoja na sanamu alipompata mwingine. Ni rahisi zaidi kuona kwamba kwake yote mawili yalimwelekea Mungu mmoja.

Hatua ya sita: uliza nani alibadili, na kwa nini

Baada ya vita vya Eliya na mahubiri ya Hosea na Yeremia, neno Baali halikuwa cheo cha heshima tena. Lilikuwa jina la adui. Kutoka 23:13 inakataza majina ya miungu mingine yasisikike kinywani, na Hosea 2:17 inaahidi kuyaondoa majina ya Mabaali kinywani mwa Israeli. Manabii walikuwa tayari wameanza kumwita Baali "aibu": soma Hosea 9:10, na Yeremia 11:13, ambapo madhabahu za *boshethi* na madhabahu za Baali ni kitu kimoja.

Kwa hiyo maelezo yanayokubaliwa na wasomi wengi ni kwamba wanakili wa kitabu cha Samweli, walipofika kwenye majina haya, waliweka *boshethi* mahali pa *baali*. Aibu ile haikumhusu mtoto aliyelemaa, ilimhusu Baali. Nyakati, ingawa ni kitabu cha baadaye, kilibaki na umbo la zamani, pengine kwa sababu hakikusomwa na kunakiliwa mara nyingi kama Samweli.

Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, inasaidia kuthibitisha desturi hii. Katika 1 Wafalme 18:19 inawaita manabii wa Baali "manabii wa aibu". Na katika Warumi 11:4 Paulo anaandika jina Baali kwa kiambata cha jinsi ya kike, ingawa Baali ni wa kiume. Maelezo ya kawaida ni kwamba msomaji alitamka neno la Kigiriki la "aibu", ambalo ni la jinsi ya kike, kila alipoliona jina lile. Baadhi ya nakala za Kigiriki zina umbo Memphibaal, dalili kwamba jina la kwanza la mwana wa Yonathani, au la yule mwana wa Rispa, liliwahi kuandikwa Mefi-baali. Nakala za Kigiriki pia zinawachanganya Ish-boshethi na Mefiboshethi katika 2 Samweli 4. Majina yakishaguswa mara moja, huendelea kuvurugika.

Hatua ya saba: angalia ardhi imesema nini

Mwaka 2012, huko Khirbet Qeiyafa, ngome ya kale juu ya Bonde la Ela, kilomita kama 30 kusini-magharibi mwa Yerusalemu, wachimbaji wakiongozwa na Yosef Garfinkel na Saar Ganor walipata vipande vya mtungi mkubwa. Vilipounganishwa, maandishi yalisomeka: Eshbaali mwana wa Beda. Yalichongwa kabla mtungi haujachomwa, mwishoni mwa karne ya 11 au mwanzoni mwa karne ya 10 KK, yaani zama zile zile ambazo Biblia inawaweka Sauli na Daudi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2015. Huyu si mwana wa Sauli, kwa kuwa baba yake ni Beda. Anachothibitisha ni kwamba jina Eshbaali lilitumika kweli, katika umbo lililohifadhiwa na Nyakati.

Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1910, msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard chini ya George Reisner ulifukua vigae huko Samaria vyenye kumbukumbu za mvinyo na mafuta za karne ya 8 KK. Zaidi ya 60 vinasomeka. Humo kuna majina kadhaa yenye Baali, na mojawapo ni Meribaali. Uwe mwangalifu hapa: Samaria ya karne ya 8 ilikuwa na ibada halisi za Baali, kwa hiyo kigae hakikuambii mzazi alikuwa na nia gani. Lakini tena kinathibitisha kwamba jina lilikuwapo. Kwa upande wa Yuda, katika mihuri na maandishi ya karne zilizofuata, majina ya Baali karibu hayaonekani kabisa. Hilo linalingana vizuri na habari ya wanakili waliolichukia neno hilo.

Hatua ya nane: msikilize anayepinga

Usimalize uchunguzi bila kuandika hoja ya upande wa pili. Wapo wasomi wanaosema *boshethi* haikupachikwa na wanakili. Wanaelekeza kwenye Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru, ambako kuna neno *bashtu* lenye maana ya heshima, fahari au nguvu inayomlinda mtu, na watu walipewa majina yenye neno hilo. Kwa hoja hii Mefiboshethi na Ish-boshethi yangekuwa majina ya heshima tangu mwanzo, na mtu angeweza kuwa na majina mawili.

Mimi sijashawishika, kwa sababu Yerubeshethi ni Gideoni, na Waamuzi 6 inaonyesha wazi kwamba jina lake lilikuwa na Baali. Lakini ona jambo hili: hata hoja hii ikiwa sahihi, Mefiboshethi bado haliwi jina la kumwaibisha mtoto. Njia zote mbili zinatupeleka mbali na ile maana ya mahubiri.

Hatua ya tisa: chunguza mahali pamoja na jina

Lo-debari imepata sifa mbaya bila kosa. "Pasipo malisho", "pasipo neno", "mahali pa kusahauliwa" ni maana zinazotolewa kwa kugawa jina: *lo*, si au bila, na *debari*, neno, kitu au malisho. Katika Kiebrania, 2 Samweli 9 inaandika sehemu ya kwanza kwa herufi tofauti na zile za "hapana", na 17:27 inaiandika kama "hapana". Amosi 6:13 anaucheza mji huu kwa makusudi: mnaofurahia kitu kisicho kitu. Huo ni mchezo wa nabii. Hausemi mji ulikuwaje.

Ukitaka kujua ulikuwaje, soma 2 Samweli 17:27-29. Makiri wa Lo-debari, pamoja na Shobi na Barzilai, anawaletea Daudi na watu wake huko Mahanaimu vitanda, mabakuli, ngano, shayiri, maharagwe, dengu, asali, siagi na kondoo. Hayo si mazao ya jangwa lenye njaa. Mefiboshethi alifichwa katika nyumba ya mtu tajiri na mkarimu, ng'ambo ya Yordani, mbali na upanga. Makiri anastahili mahubiri yake mwenyewe.

Hatua ya kumi: tenganisha mapokeo na maana

Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, katika Berakhoti 4a, inamsimulia Mefiboshethi kama mwalimu wa Daudi katika sheria. Inasema aliitwa hivyo kwa sababu alimtia Daudi aibu katika mambo ya sheria, maana alimkosoa palipohitajika. Unakaribia usomaji ule wa *mi-pi*, "kutoka kinywani". Kihistoria hauthibitishi kitu, lakini unaonyesha kwamba Wayahudi wa kale waliweza kulisoma jina hili na kumwona mtu msomi, mwenye ujasiri wa kumsahihisha mfalme. Andika mambo ya namna hii kwenye daftari chini ya kichwa chake, usiyachanganye na asili ya jina.

Hatua ya mwisho: andika ulichopata

Maelezo yako yaonyeshe kipi ni hakika na kipi ni maoni. Kwa jina hili ningeandika hivi:

*Mefiboshethi, pia Merib-baali. Mwana wa Yonathani na mjukuu wa Sauli, na mwanawe ni Mika. Asichanganywe na mwana wa Sauli kwa Rispa. Umbo la Nyakati linaelekea kuwa la zamani zaidi, na maana yake yaelekea kuwa "Baali (yaani Bwana) anatetea". "Boshethi", aibu, kwa maoni ya wasomi wengi iliwekwa na wanakili kuepuka kutamka Baali. Maana ya "mefi" haijulikani kwa uhakika. Biblia haihusishi jina hili na ulemavu wake.*

Mzazi akikuuliza kama anaweza kumwita mtoto jina hili, mwambie ukweli huo wote, kisha mwonyeshe 1 Mambo ya Nyakati 8:40. Kupitia Mefiboshethi na Mika, ukoo wa Yonathani uliendelea kizazi baada ya kizazi hadi kwa wana wa Ulamu, mashujaa na wapiga upinde, wenye wana na wajukuu 150. Kama umbo la Samweli litamtia mtoto taabu shuleni, lipo Yonathani na lipo Mika, yote ya nyumba hiyo hiyo.

Kwa zoezi la kwanza mchukue Ish-boshethi. Anza na 2 Samweli 2:8-10, linganisha na 1 Mambo ya Nyakati 8:33 na 9:39, kisha angalia orodha ya wana wa Sauli katika 1 Samweli 14:49 uone ni jina gani limekaa mahali ambapo ulitarajia kumkuta yeye.